Shajara ya mradi: kuondoa cheche za betri kwenye gari la rimoti la seli 6

Gari ni la kipimo cha 1/8, la kukimbia vumbini, na majaribio yote yamefanyika Mbeya. Awali lilitumia betri za lipo (lithiamu-polima) za seli 4. Lilipohamishiwa seli 6 (volti 22.2 kwa jina, 25.2 zikijaa) kila betri ikichomekwa hutoa cheche ya buluu na mlio wa "pa!". Kidhibiti mwendo, ESC kama tunavyokiita, kina kapasita (vihifadhi vya chaji ya umeme) 4 za mikrofaradi 470 kila moja, yaani jumla 1,880. Betri ziko 4, za mAh 5,000, na konekta (plagi ya kuunganisha betri na gari) ni XT90 ya kawaida. Anayetaka kuiga kazi hii aanze kwa kuhesabu kapasita za ESC yake, maana hesabu nyingi zinazofuata zinategemea namba hiyo.

8 Juni 2024: Konekta iliyoungua

Konekta ya upande wa gari ilikatwa na kuchunguzwa. Ncha za pini zina vishimo, rangi ya dhahabu imetoka na masizi meusi yamegandia ndani. Ili kupata namba badala ya kubahatisha kwa macho, konekta hiyo iliungwa kwenye waya wa chaja, betri ikachajiwa kwa ampea 5, na multimita ikapima volti zinazopotea kati ya pande mbili za pini ya chanya. Zilipotea milivolti 11. Konekta mpya, kwa kipimo hichohicho, ilipoteza 1.5.

Milivolti 11 kwa ampea 5 ni miliomu 2.2. Gari likivuta ampea 80 wakati wa kuondoka, pini hiyo moja inatoa joto la wati 14. Konekta mpya inatoa takribani wati 2. Kwa hiyo hasara ya cheche haiishii kwenye mshtuko wa kuchomeka. Plastiki ya konekta inalainika katikati ya mbio, pini inapinda, na siku moja chanya na hasi zinakutana.

Chanzo chenyewe: kapasita zikiwa tupu ni kama shoti kwa betri. Ukinzani wa njia nzima, yaani betri, waya, konekta na kapasita zenyewe, ni kama miliomu 30. Volti 25.2 gawanya kwa hiyo ni ampea 840. Waya una tabia ya kuchelewesha mkondo, kwa hiyo kilele halisi ni pungufu ya hapo, lakini bado ni mamia ya ampea kwa muda ulio chini ya elfu moja ya sekunde. Yote yanapita kwenye nukta ndogo ambapo pini zimegusana kwanza. Nukta hiyo inayeyuka, pini zinadunda kidogo, na metali iliyoyeyuka inaruka.

Hapa kuna dhana ya kusahihisha, kwa sababu huku nyanda za juu inasikika sana: kwamba cheche ni nyingi kwa vile hewa ya mwinuko wa mita 1,700 ni nyepesi. Hapana. Volti 25 haziwezi kuruka hewani popote duniani. Hewa inahitaji zaidi ya volti 300 hata kwenye pengo dogo kabisa. Cheche ya konekta inazaliwa pini zinapogusana, si kabla. Hewa nyepesi inaathiri upoaji wa mota na ESC tu.

15 Juni: Majaribio ya bure, na kosa lililotudanganya

Jaribio la kwanza lilikuwa kuchomeka haraka na kwa nguvu, kama wengi wanavyoshauriana. Cheche ileile. Mkupuo wa mkondo unaojaza kapasita unaisha kabla mkono haujasogea hata nusu milimita, kwa hiyo kasi ya mkono haina kazi.

Ushauri wa pili: kuzima swichi ya gari kwanza. Kwenye ESC nyingi za magari swichi inazima ubongo (saketi ya kudhibiti) tu. Kapasita ziko mbele yake na zimeungwa moja kwa moja na waya za betri. Zitavuta mkupuo hata gari likiwa limezimwa. (Kwenye gari hili swichi iliondolewa zamani kwa sababu ya vumbi na waya zake zikaunganishwa. Jambo hilo litarudi tarehe 22.)

Mafuta ya kupuliza ya kulainisha vyuma yalipendekezwa pia. Yalikataliwa bila kujaribiwa: hayabadilishi chochote kwenye mkupuo, na yanashika moto.

Sasa kosa. Ili kufanya majaribio ya konekta bila gari zima, ESC ilitolewa na kuwekwa mezani, waya za mota, servo (mota ndogo ya usukani) na feni zikiwa zimechomolewa, na ubongo umezimwa kwa kuachanisha waya za swichi. Betri ikachomekwa, cheche. Ikachomolewa, pini zikasafishwa kwa pombe ya asilimia 99, ikachomekwa tena baada ya nusu dakika: kimya kabisa! Mara tano mfululizo, kimya. Ikaandikwa kwamba usafi wa pini ndio dawa.

Si kweli. Kapasita zilikuwa bado zimejaa kutoka mara ya kwanza. Bila kitu cha kuzinyonya zinashikilia volti kwa dakika kadhaa, na betri ikirudi haikuti tofauti ya volti ya kurukia. Multimita ilipowekwa kwenye waya za ESC ilisoma volti 22 huku betri ikiwa mezani. Majaribio yote matano yakafutwa.

Kuanzia hapo utaratibu ni huu: kabla ya kila jaribio, rezista (kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 1,000 ya nusu wati inagusishwa kati ya chanya na hasi ya ESC, betri ikiwa imechomolewa, kwa sekunde 10. Multimita lazima isome chini ya volti 1 ndipo jaribio lihesabiwe. Usinyonye kapasita kwa bisibisi, kwani hiyo ni cheche ileile kwa upande wa pili, na inaumiza kapasita.

22 Juni: Rezista ya omu 100 imeshindwa

Dawa inajulikana: kapasita zijazwe kwanza kupitia rezista, polepole, halafu konekta kuu ifunge njia. Swali ni rezista ya ukubwa gani. Tulianza na omu 100 kwa kuwa ilikuwepo kwenye kopo la fundi redio na kwa hesabu ilionekana salama: kilele cha mkondo robo ampea, na kapasita zijae ndani ya sekunde moja.

Mezani, ESC ikiwa peke yake, ilifanya kazi vizuri. Ndani ya gari ikashindwa. Servo ilitetemeka, ESC ikalia na kujiwasha upya mara kwa mara, multimita ikacheza kati ya volti 8 na 17. Konekta kuu ilipofungwa juu ya hali hiyo, cheche ilitoka, ndogo kuliko ya awali lakini cheche.

Sababu ni ile swichi iliyoondolewa. Volti zikipanda tu, ESC inaamka na kuanza kulisha risiva, servo na feni. Vyote hivyo vinakula kama wati 1.4. Kupitia omu 100, betri ya volti 25.2 haiwezi kupitisha zaidi ya wati 1.6 kwa hali yoyote, kwa hiyo mzigo huo unakaribia ukomo. Volti zinatulia karibu 17, zikibaki pungufu ya betri kwa volti 8, na servo ikijitikisa zinaanguka kabisa.

Kwa omu 10 hesabu inabadilika: volti zinafika 24.6, pengo ni 0.6 tu. Kilele cha mkondo ni ampea 2.5 na kapasita zinajaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ilijaribiwa ndani ya gari, kapasita zikiwa zimenyonywa hadi chini ya volti 1. Hakuna cheche wala mlio, hata gizani.

Rezista ndogo ya robo wati haikudumu. Nishati ya kujaza kapasita hizi ni jouli 0.6, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kiasi hichohicho kinageuka joto njiani hata ukinzani uwe mkubwa au mdogo. Bila rezista, jouli 0.6 zinachoma ncha ya pini. Ukiweka rezista, zinaingia kwenye rezista. Hakuna namna ya kuzikwepa, kinachochaguliwa ni mahali pa kuziteketeza. Kwa rezista ya robo wati ni pigo la wati 63 kila mara, na baada ya mara 14 ilikatika ndani bila alama nje. Rezista nyeupe ya saruji, ya waya, wati 5, shilingi 1,000, imepita mara 60 bila kubadilika kipimo.

Mwenye pakiti ya ziada ya kapasita, tuseme mikrofaradi 2,000 zaidi, ajue nishati yake inapanda hadi jouli 1.2. Rezista ya wati 5 bado inatosha.

29 Juni: Kugusa kisha kuhamisha hakufai, XT30 pembeni

Wazo la bei nafuu lilikuwa waya wa kuazima: konekta yenye rezista ndani, unaichomeka sekunde moja, unaitoa, unachomeka betri moja kwa moja. Kwenye gari lenye swichi iliyozimwa linafaa. Kwenye hili halifai. Jouli 0.6 zikiliwa kwa wati 1.4 zinaisha ndani ya nusu sekunde, na mkono hauwezi kuhamisha konekta kwa muda huo. Cheche ilirudi ileile.

Kwa hiyo njia ya rezista lazima ibaki imefungwa wakati konekta kuu inaingia. Kila betri iliongezewa XT30 jike, konekta ndogo ya jamii hiyohiyo, sambamba na XT90 yake. Gari likaongezewa XT30 dume, na rezista ya omu 10 kwenye waya wake wa chanya. Matumizi: XT30 kwanza, hesabu hadi mbili, XT90, kisha ng'oa XT30.

Hiyo hatua ya kung'oa isisahaulike. XT90 ikichomoka gari likipinduka huku XT30 imebaki, gari lote litavuta kupitia rezista. Kubonyeza mafuta ya rimoti hapo ni wati 63 mfululizo kwenye kitu cha wati 5, itawaka. Kwa sababu hiyohiyo, usiguse kifyatuo cha rimoti kabla XT90 haijafungwa.

Kulehemu betri iliyo hai ndiyo hatua hatari kuliko zote kwenye mradi huu. Waya mmoja tu unakatwa kwa wakati mmoja, unalehemewa, unavalishwa mpira wa kubana kwa joto hadi mwisho, ndipo waya wa pili uguswe. Koleo likikata waya zote mbili kwa mpigo, ni shoti kamili kupitia koleo, na lipo haina huruma. Chomeka konekta dume ya zamani ndani ya jike wakati wa kulehemu ili plastiki ikilainika pini zisipinde. Hakikisha haina waya wowote nyuma.

Pasi ya kulehemu ya wati 40 ilishindwa kwenye waya wa geji 10. Waya mnene unanyonya joto lote, na asubuhi za Juni hapa baridi inachangia. Risasi ya kulehemu iliganda ikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia na waya ukang'oka kwa kuvutwa kwa mkono. Ilirudiwa kwa pasi ya wati 80 yenye ncha pana: kwanza risasi kwenye kikombe cha pini, kisha kwenye waya, kisha viunganishwe, yote chini ya sekunde 5.

6 Julai: XT90-S, moja kati ya nne ni bandia

Mzigo wa XT90-S ulifika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Hii ni XT90 yenye rezista ndani ya jike, takribani omu 5.6, na dume lake ni la kawaida. Pini ikiingia inagusa kwanza pete ya mbele iliyoungwa na rezista, ikiendelea ndani inagusa shaba kamili. Inafanya kazi ya XT30 yetu bila waya wa pili.

Kabla ya kulehemu kila moja ilipimwa: dume linaingizwa mpaka liguse tu, multimita kwenye omu, upande wa chanya. Tatu zilisoma kati ya 5.5 na 5.9. Ya nne ilisoma 0.2. Plastiki yake ya ndani ni ya kijani kama wenzake, lakini hakuna rezista. Pima kila moja kabla haijapata risasi, maana ikishalehemewa hairudishwi dukani.

Jike linakaa upande wa betri, siku zote. Kuna wanaoweka jike la XT90-S kwenye gari ili wanunue moja tu badala ya nne. Maana yake betri zote zinabaki na dume, pini zenye umeme zikiwa zinafikika kwa funguo au msumari kwenye mkoba. Okoa pesa mahali pengine.

Baada ya kulehemu, polariti ilikaguliwa kwa taa kabla ya kuchomeka moja kwa moja: balbu mbili za indiketa za gari, volti 12 wati 21, zimefuatanishwa kwenye waya wa chanya kati ya betri na ESC. Zikimweka mara moja na kuzima au kufifia sana, kila kitu kiko sawa. Zikibaki zinawaka kwa nguvu, kuna shoti au chanya na hasi zimegeuzwa, na ESC bado mzima kwa sababu balbu zimebeba mkondo. Betri zote tatu zilipita. Kifaa hiki cha shilingi 3,000 kiwepo kwenye sanduku la kila anayelehemu konekta.

Namna ya kuchomeka XT90-S ni kinyume cha mazoea: sukuma mpaka pini ziguse, tulia sekunde moja, kisha maliza. Mara mbili za mwanzo zilisukumwa kwa pigo moja kama XT90 ya kawaida, na mara moja kati ya hizo cheche ndogo ilisikika.

13 Julai: Upande wa chaja

Magari yakiwa kiwanjani karibu na Uyole, chaja hulishwa na betri ya asidi ya volti 12. Cheche zipo hapo pia, kwani chaja ina kapasita zake za kuingilia umeme. Volti ni ndogo lakini mahali ni pabaya zaidi: betri ya asidi iliyotoka kuchajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inawaka. Vibanio vya chaja vilikuwa vinabanwa kwenye nguzo za betri mwishoni, yaani cheche ilikuwa inatokea palepale gesi inapotokea.

Marekebisho: waya wa mita moja na nusu, fyuzi ya ampea 30 karibu na kibanio cha chanya, na swichi karibu na chaja. Vibanio vinabanwa kwanza swichi ikiwa imezimwa, kisha swichi inawashwa mbali na betri. Wakati wa kufunga kazi, swichi kwanza, vibanio mwisho.

Upande wa kutoa, waya wa chaja wenye pini za ndizi (plagi za aina ya "banana") uchomekwe kwenye chaja kwanza, betri ya lipo mwisho. Ukianza na betri, pini mbili za ndizi zenye volti 25 zinaning'inia na zikigusana ni shoti isiyo na rezista yoyote. Kwa wanaochaji betri kadhaa kwa ubao wa sambamba: pima kila betri kwanza, na tofauti isizidi volti 0.1 kwa seli. Betri iliyojaa ikikutana na iliyoisha, moja inaimwagia nyingine, na hakuna XT90-S itakayozuia hilo baada ya pini kufika mwisho.

27 Julai: Vipimo na gharama

XT90-S ya nne ilifika, ikasoma omu 5.7, ikafungwa. XT30 zote zimeondolewa. Betri moja imechomekwa mara 50, kapasita zikinyonywa kila mara. Kipimo cha ampea 5 kilichorudiwa kinasoma milivolti 1.7, kutoka 1.5 ya upya. Pini hazina kishimo. Kuna alama hafifu kwenye pete ya mbele tu, sehemu ambayo haibebi mkondo wa mbio.

Gharama kwa shilingi: rezista ndogo 1,000, rezista za saruji tatu 3,000, XT30 jozi nne 12,000, XT90-S majike matano, pamoja na la bandia, 45,000, XT90 dume moja 5,000, usafiri wa basi mara mbili 10,000, risasi 6,000, mpira wa kubana 4,000, balbu na waya 3,000, fyuzi na swichi ya chaja 7,000. Jumla 96,000. Atakayeruka hatua ya XT30 na kupima konekta zake dukani atatumia 67,000.

Gari la pili, la seli 3, limeachwa na XT60 ya kawaida. Kapasita zake ni mikrofaradi 940, na kwa volti 12.6 nishati ni jouli 0.07, sehemu moja ya nane ya hili. Pini zake zitapimwa tena kwa ampea 5 mwezi Septemba. Zikizidi milivolti 4, nalo litawekewa konekta yenye rezista.